Wapime maji mbele drage haijafika

Sheria iko. Tangu tarehe 9 Julai 2011, sheria namba 11/009 inasema mradi unaoweza kuharibu mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari, ule watu wanaita étude d'impact, na wananchi waulizwe mbele kazi ianze. Ndugu zetu wa Banalia, Panga na Bafwasende, nani kati yenu alishaulizwa?

Mara nyingi inaenda hivi. Kampuni ndiyo inalipa wachunguzi. Wanakuja siku mbili, wanaongea na chefu, wanapiga picha, wanarudi. Kitabu kinaandikwa kwa Kifaransa na kinaenda Kinshasa, kwa Agence Congolaise de l'Environnement. Mama anayesafisha mchanga kando ya Aruwimi hajui hata kama kitabu hicho kiko.

Lakini kwetu shida kubwa si kitabu, ni namba. Mtu akisema leo muto umechafuka na samaki wamepungua, watamujibu: ulikuwa namna gani mbele? Kama hakuna aliyepima maji wakati ule, neno la mwananchi linabaki neno tu. Hata mbele ya tribinali.

Na watu wa kupima tunao. Iniversite ya Kisangani iko hapa tangu 1963. Iko na Centre de Surveillance de la Biodiversité, iliyozaliwa nyuma ya safari ya Boyekoli Ebale Congo ya 2010, wakati watafiti wa Kongo na Ubelgiji waliteremuka muto wakiandika samaki, ndege na miti. Kule Yangambi wanachunguza udongo na msitu tangu miaka ya 1930. Ajabu kidogo: tunajua popo wa msitu vizuri kuliko maji anayokunywa mtoto wa mchimbaji.

Tunaomba basi wanafunzi wa mazingira watumwe kwenye machimbo, wenye kujua Kiswahili na Lingala. Wakae na wachimbaji pale mashimoni, si kwa ofisi. Ba mama waulizwe pekee yao, juu mbele ya mwenye shimo hawatasema kitu. Wavuvi waulizwe, na Wambuti wa Bafwasende pia. Maji yapimwe wakati wa mvua na wakati wa jua, kila mwaka, na majibu yabandikwe sokoni kwa Kiswahili.

Pesa? Code minier ya 2018 inapatia provinsi 25% ya redevance, na ETD 15%. Sehemu ndogo ya pesa hiyo inaweza kulipa pikipiki, mafuta na chupa za kubebea maji. Kama haitoki, tuambiwe inaenda wapi.

Tuseme ukweli wa nyumbani pia. Drage si peke yake. Mchimbaji mdogo haombwi étude d'impact, lakini merkire yake inaingia mutoni na kwa samaki, na kupitia samaki inafikia mtoto aliye tumboni. Na yule anayechoma dhahabu jikoni, moshi wake unavutwa na nyumba nzima. Watafiti wapime hiyo vilevile, bila kuleta polisi nyuma yao. Mchimbaji akiona karatasi ya leo inakuwa amande kesho, hatafungua kinywa tena.

Siku enquête itafika kijijini kwenu, kabla ya kuweka sahihi ulizeni: maji mlipima lini, wapi, na karatasi ya Kiswahili iko wapi?