Asilimia 92 ya KenGen: nani hasa alitoa pesa?

Maji ya Mto Tana, kabla ya kufika kwetu Kipini, huzungusha mitambo ya Kamburu, Gitaru na Kindaruma kwenye mpaka wa Embu. Mwenye mitambo hiyo ni KenGen, kampuni ambayo wananchi wengi, wa bara na wa Pwani, wana hisa zake chache. Historia yake inatufunza jambo ambalo magazeti hayakulieleza vya kutosha.

Mwaka 2006 serikali iliuza asilimia 30 ya KenGen kwa Sh11.90 kila hisa. Watu walipanga foleni, na maombi yakazidi hisa zilizokuwapo mara tatu. Lakini pesa zile zilikwenda Hazina ya serikali. Hazikwenda kujenga mtambo.

Mwaka 2016 ndipo kampuni yenyewe ilipokuja kuomba. Kila mwenye hisa moja alipewa haki ya kununua mbili mpya kwa Sh6.55. Lengo lilikuwa Sh28.8 bilioni, na tukatangaziwa kwamba asilimia 92 imepatikana. Tukapiga makofi.

Hebu tuhesabu. Serikali, yenye asilimia 70, haikutoa pesa taslimu. Iligeuza deni la takriban Sh20.15 bilioni kuwa hisa. Pesa mpya zilitarajiwa kwa wenye hisa wengine, kama Sh8.6 bilioni. Zilizopatikana ni takriban Sh6.3 bilioni. Yaani katika kila shilingi nne zilizotarajiwa kwao, moja haikuja. Baadaye shirika la uwekezaji la umma la Afrika Kusini, PIC, ndilo lililonunua hisa zilizobaki.

Kwa nini waliokimbilia 2006 walinyamaza 2016? Mara ya kwanza wengi walitafuta faida ya haraka. Mara ya pili bei ilikuwa imeshuka, na mwenye hisa 1,000 alitakiwa kuwa na Sh13,100 mkononi. Naona pia suala la msimu. Mkulima wa chai wa Meru au Embu, ambaye majani yake huuzwa kwenye mnada wetu wa Mombasa, hupata bonasi yake karibu na Oktoba. KenGen ilifungua mauzo Mei na kuyafunga Juni.

Sisemi aliyekataa alikosea. Bei ya hisa hiyo ilishuka hadi chini ya Sh3 kabla ya kupanda tena 2025. Na waliochangia Kenya Airways 2012, kwa Sh14 kila hisa, wanajua walivyoumia.

Ninalopinga ni kunyamaza tu. Asiyefanya lolote fungu lake la umiliki hupungua. Kwa KenGen lilibaki kama theluthi moja ya lilivyokuwa. Ilhali haki ile ilikuwa na soko: asiyetaka kununua angeweza kumwambia wakala wake aiuze, akapata chochote.

Nayo kampuni ikiwakosa wenye hisa wadogo, itamtafuta mkubwa wa nje au mkopo, na riba ya mkopo hulipwa na biashara inayotuuzia umeme. Kwa hivyo, ndugu msomaji, hakikisha anwani na simu yako kwenye akaunti ya CDS ni sahihi. Barua ikija, isome kabla tarehe haijapita: nunua, uza haki yako, au kataa kwa kujua.