Mabawa Yangu Hayajamsaliti Mtu

Jumamosi nilioka mabawa ya kuku, kilo 1. Niliyafuta maji, nikayapaka chumvi, nikayaacha kwenye oveni ya nyuzi 220 kwa dakika 45, hadi ngozi ikawa inalia ukiitafuna. Kisha nikayagaragaza kwenye sosi ya doubanjiang, tangawizi, kitunguu saumu, siki na asali.

Mwenzangu tunayesoma naye shahada ya umahiri alikula, akalamba vidole, ndipo akanihukumu: “Dada, umesahau kwenu. Sasa unajifanya Mchina.”

Kwetu ni wapi? Mchana huohuo yeye alikula ugali. Mahindi asili yake ni Amerika, sawa na pilipili iliyotuwasha midomo. Vyote vilivuka bahari baada ya 1492. Watu wa Sichuan nao waliipokea pilipili kutoka mbali, kama sisi, na leo hakuna anayewaambia wamesahau kwao.

Hata hivyo, siwatetei wanaomwaga tomato sosi na sukari wakaiita “ya Kichina”, kana kwamba China nzima inapikia sufuria moja. Doubanjiang ni maharage ya fava na pilipili vilivyochachushwa, na iliyo maarufu zaidi hutoka Pixian, Sichuan. Kuazima si aibu. Aibu ni kumficha uliyemwazima.

Kwa hiyo mwenzangu aje tena, sahani yake ipo. Ila akiniletea habari za chakula cha asili, aanze kunieleza mahindi yake yalipanda chombo gani.