Mgonjwa Apimwe kwa Lugha Zake

Mtu akipatwa na kiharusi akapotewa na maneno, sisi watu wa pwani tuna haraka ya kusema, "Maskini, akili zimemruka." La, ndugu zangu. Maradhi hayo, ambayo matabibu huyaita afasia, hudhuru lugha, wala si lazima yadhuru akili. Mgonjwa aweza kukujua na kujua alitakalo, ila neno halimjii, au huja jingine badala yake.

Taabu huzidi kwa mwenye lugha mbili au tatu, na huku kwetu wenye moja tu ni wachache. Mwaka 1895 tabibu wa Kifaransa, Albert Pitres, alieleza kuwa lugha za mtu mmoja si lazima zirudi pamoja. Moja yaweza kurudi, nyingine ikabaki nyuma. Basi mzee wa Kibokoni akiulizwa kwa Kiingereza asijibu, tumejua nini juu ya Kiswahili chake? Hatujajua kitu.

Mwaka 1987 Michel Paradis, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, alitoa mtihani wa wagonjwa wa namna hii. Kwanza huulizwa mgonjwa alikuwa akisema lugha zipi, wapi na na nani. Kisha kila lugha hupimwa peke yake, na mwisho hutazamwa kama aweza kufasiri kutoka moja hadi nyingine. Naye alisisitiza kuwa haitoshi kufasiri maswali neno kwa neno. Sharti yatungwe kwa kufuata lugha yenyewe.

Hapo ndipo tulipo na la kusema. Mpimaji akimsikia mtu wa Mvita akisema "mato" na "ndia", akaandika kuwa ni makosa kwa sababu vitabuni ni "macho" na "njia", amemzulia ugonjwa asio nao. Wako mabibi waliozoea kusoma kwa herufi za Kiarabu; wakipewa karatasi ya herufi za Kizungu wakashindwa, isisemwe kiharusi kimewapokonya kusoma. Na mgonjwa akiisoma Alhamdu yote ilhali jina la mwanawe limemshinda, asidhaniwe anajifanya. Maneno yaliyohifadhiwa tangu utotoni mara nyingi husalimika pale mazungumzo yanapopotea. Wala hicho si kipimo cha Kiarabu chake.

Jambo hili si dogo. Kwa kipimo kibovu mtu huhesabiwa hana akili. Shamba lake likauzwa, wasia wake ukatiliwa shaka, naye yupo, asikia yote, hana ulimi wa kujitetea.

Basi hospitali na zitafute mpimaji au mkalimani aijuaye lahaja ya mgonjwa. Nasi jamaa tuna wajibu wetu: tumweleze daktari mtu wetu alikuwa akisema nini kabla ya kuugua, na alisoma kwa herufi zipi. Lakini akiulizwa yeye, tusimjibie. Tumpe muda atafute neno lake.