Miale iliyonaswa Namibia yatikisa nadharia kuhusu pulsa

KWA takriban nusu karne, wanasayansi wa anga wametegemea jibu moja kuhusu kinachozifanya nyota aina ya pulsa zing'ae. Jibu hilo lilitiliwa shaka Oktoba 2023, watafiti wanaotumia darubini za H.E.S.S. katika nyanda za juu za Khomas, Namibia, walipotangaza kuwa wamenasa miale ya gama kutoka kwa pulsa ya Vela. Nguvu yake ilifikia teraelektronivolti 20, karibu mara trilioni 10 ya nguvu ya mwanga unaoonekana kwa macho.

Pulsa ni kiini kinachosalia nyota kubwa inapolipuka. Kijiko kimoja cha maada yake kina uzani wa mabilioni ya tani, na nguvu zake za sumaku huishinda dunia mara matrilioni. Vela, iliyo umbali wa miaka ya nuru 1,000 hivi, hujizungusha mara 11 kila sekunde. Sumaku inayozunguka kwa kasi hiyo huzalisha umeme, na hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Umeme huo hung'oa elektroni kwenye ncha za nyota na kuzirusha kwa kasi ya ajabu. Zikifuata njia zilizopinda za sumaku, elektroni hizo hutoa miale ya gama. Kwingineko mwale kama huo ungeenda zake. Kando ya pulsa haufiki mbali: ndani ya sumaku kali kiasi hicho nuru hugeuka kuwa maada, na mwale mmoja huzaa jozi ya chembe, elektroni na kinyume chake, positroni. Jozi hiyo nayo hutoa miale, miale ikazaa jozi nyingine, mithili ya moto nyikani, hadi nyota ikazingirwa na wingu la chembe.

Peter Sturrock wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza hayo mwaka wa 1971, nao Malvin Ruderman na Peter Sutherland wakayaendeleza mwaka wa 1975. Nadharia hiyo ilifafanua hata kifo cha pulsa. Mzunguko ukipungua mno, umeme hautoshi tena kuzaa jozi, na mawimbi ya redio hunyamaza.

Miale ya Namibia haitoshei vyema katika picha hiyo. Mwale wenye nguvu kiasi hicho hauwezi kutoroka karibu na uso wa nyota. Sumaku ingeumeza papo hapo. Sharti uwe umetoka mbali, pengine kwenye ukingo ambako kitu kinachozunguka pamoja na Vela kingelazimika kwenda kwa kasi ya nuru, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka kitovuni, au hata nje yake. Hata hivyo, ni mapema mno kuizika nadharia ya jozi, kwani bila hizo chembe zenyewe zingetoka wapi? Kilichotikiswa ni dhana kuhusu mahali chembe zinapopatia nguvu zake, na hapo wataalamu hawajaafikiana.

Ajabu ni kwamba kituo cha kusini cha CTA, mradi unaokusudiwa kuendeleza utafiti huu, kitakuwa Paranal, Chile. Mwaka wa 2015 washirika wake waliamua kujadiliana na Chile, Namibia ikiachwa kuwa akiba. Kenya inaifahamu hali hiyo. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengewa uchunguzi wa eksirei za angani, ilirushwa kutoka pwani ya Malindi Desemba 12, 1970. Data zake zikachambuliwa Marekani.