Wahandisi Nasi Tusome Riwaya

Wenzangu wa uhandisi, nani katuambia fasihi ni ya watu wa sanaa tu? José Echegaray wa Uhispania alikuwa mhandisi wa ujenzi, na mwaka 1904 akapata Nobeli ya Fasihi kwa tamthilia zenye moto wa Uromantiki. Vijana wakaona kapitwa na wakati. Uhispania ilishapoteza Cuba na Ufilipino mwaka 1898, wao wakijiuliza: sisi ni nani? Katika Niebla (1914) ya Unamuno, mhusika anamfuata mwandishi Salamanca, wanabishana nani ana amri juu ya uhai wake. Sisi tunaopangiwa maisha na viza na wadhamini, swali hilo letu pia. Kikokotoo hakilijibu. Jamani, tusome!