Ikama si Orodha ya Majina

Neno "ikama" husikika sana maofisini, na mara nyingi hutajwa pale mtumishi anapokataliwa jambo. Mwalimu akiuliza kwa nini hajabadilishiwa muundo, hujibiwa kwamba ikama hairuhusu. Mhudumu wa ofisi aliyesomea utunzaji wa kumbukumbu akiuliza kwa nini bado ni mhudumu, hupewa jibu hilo hilo. Yafaa basi tuulizane ikama ni kitu gani.

Ikama ni hesabu ya nafasi za kazi ambazo taifa limeona zinahitajika na limekubali kuzilipia. Nafasi si mtu. Mtu hustaafu, huhamishwa, hufariki. Nafasi hubaki ikimngoja mwingine. Cheo nacho si nafasi, bali ni ngazi ambayo mtumishi ameifikia katika muundo wa utumishi wa kada yake, kwa elimu, uzoefu na utendaji. Mambo haya matatu yakichanganywa katika daftari, wananchi ndio wanaoumia.

Uchungu wa mchanganyiko huo tumekwisha kuuonja. Mwaka 2016 uhakiki wa serikali ulifichua maelfu ya watumishi hewa, yaani majina yaliyolipwa pasipo watu. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Hao walikuwa watu wa kweli katika vyeo visivyo vyao. Uhakiki ule ulikuwa wa lazima. Hata hivyo, upandishaji wa vyeo ulisimamishwa ili kuupisha, na mtumishi mwaminifu akangoja pamoja na mdanganyifu.

Katika Mkoa wa Simiyu jambo hili lina uzito wake. Mkoa ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, na wilaya za Itilima na Busega ni za wakati huo huo. Wilaya mpya haijengwi kwa mipaka peke yake; huhitaji idara, maofisa na walimu. Mahali kama hapo, nafasi iliyosahauliwa katika makadirio ni darasa lisilo na mwalimu.

Tuseme yupo mwalimu wa shule ya msingi kijijini Meatu. Aliajiriwa akiwa na cheti cha daraja la IIIA. Akaomba ruhusa kwa mwajiri, akapewa, akajiandikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho humwezesha mfanyakazi kusoma pasipo kuacha kazi. Fedha ya pamba ikaenda kwenye ada, likizo zikaishia vitabuni. Leo ana shahada. Barua yake imepita kwa mwalimu mkuu, imefika halmashauri, na bado mshahara wake ni ule wa mwenye cheti. Kila akifuatilia, hurudishwa kwenye neno lile lile: ikama.

Wapo watakaosema kwamba serikali haiwezi kumlipa kila ajisomeaye apendacho, na kwamba nafasi hufuata mahitaji ya kazi, si cheti cha mtu. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini mwajiri aliyetia saini ruhusa ya masomo alikwisha kuamua kwamba masomo hayo yana faida kwa kazi. Tena anajua mwaka wa kuhitimu, kwa maana umeandikwa katika barua. Makadirio ya ikama hutayarishwa kila mwaka pamoja na bajeti. Ni kitu gani, basi, kinachomzuia ofisa utumishi kuiombea nafasi hiyo mapema, hata mwalimu anaporudi na shahada aikute inamngoja?

Vyuo vikuu navyo vimo katika mizani hiyo hiyo. Mhadhiri msaidizi aliyepelekwa kusomea uzamivu hujulikana tangu siku ya kuondoka. Asipoombewa nafasi ya mhadhiri kabla ya kurudi, kosa si la ikama.

Siku hizi taarifa za kiutumishi na mishahara zimo katika kompyuta, na hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini kompyuta haimjui mwalimu wa Meatu. Inajua tu kile ilichoandikiwa. Ofisa asiyeingiza taarifa kwa wakati akiisingizia mitambo, huo ni urasimu uleule uliovaa nguo mpya.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilifundisha kwamba kazi na elimu haviachani; mtu afanye kazi, kisha asome, kisha arudi kuwatumikia wenzake. Mwalimu wetu ameutimiza wajibu huo. Waajiri nao watimize wa kwao. Kila halmashauri ya Simiyu iwe na orodha ya watumishi waliopewa ruhusa ya masomo pamoja na miaka yao ya kuhitimu, orodha hiyo ibandikwe mahali pa wazi, na isomwe katika kikao cha bajeti kabla makadirio hayajapelekwa juu. Kazi hiyo haihitaji fedha wala sheria mpya. Yahitaji ofisa anayekumbuka saini yake mwenyewe.