Santuri na Nakala Zake

Limezuka shauri moja baya ambalo hutolewa kwa sura ya hekima. Husemwa kwamba santuri za wazee zinakiliwe katika simu na kompyuta, kisha zitupwe, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Hapa Moiben, ambako santuri za Kipchamba arap Tapotuk na gitaa lake zilipendwa sana, shauri hili lina wafuasi hata miongoni mwa watu wenye elimu. Mimi nalipinga.

Sikatai kunakili. Kila sindano ipitapo katika mfuo wa santuri huulamba kidogo, na vumbi la mavuno ya ngano, ambalo sisi wa Moiben twalijua sana, huwa msasa chini ya sindano hiyo. Santuri za kale za mizunguko 78 kwa dakika zilifanywa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi uliochanganywa na unga wa mawe. Zikianguka huvunjika kama kigae. Mtu aliye na santuri ya pekee, naye akaipiga kila jioni ili kujivuna mbele ya wageni, haitunzi bali anaila. Basi na anakili, tena anakili mapema.

Lakini nakala ni nini? Ni habari iliyosimuliwa na mtu aliyesikia. Santuri ya mizunguko 78 ikichezwa polepole kuliko haki yake, mwimbaji mwanamke hunguruma kama babu. Ikichezwa kwa haraka, babu hulia kama kinda. Sindano ya santuri ndefu zilizoanza mwaka 1948, ikitiwa katika mfuo mpana wa santuri ya kale, hutambaa chini ya mfuo na kuokota mchakacho badala ya wimbo. Kisha huja fundi apendaye usafi: hufuta mchakacho kwa mashine, na pamoja nao akafuta pumzi ya mwimbaji na mguso wa ukucha juu ya uzi wa gitaa. Mwisho sauti hubanwa ili ienee katika simu, na kubanwa huko ni kutupa sehemu zinazodhaniwa kuwa sikio halitazikosa. Haya yote huamuliwa na mtu mmoja, pengine mwenye haraka, pengine alasiri moja tu. Santuri ikiwa imekwisha kutupwa shimoni, nani atamsahihisha?

Tazameni kisa cha Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, wakiimba wimbo wa jina hilo. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Jina lake lilipopita midomoni liligeuka. Naye mwenyewe, kwa maelezo aliyoyaacha Tracey, aligeuka kiumbe nusu mtu nusu paa. Wimbo ule ni mzuri ajabu, wala siwalaumu waimbaji; nakala ya mdomo ndivyo ilivyo. Lakini twajua kwamba jina liligeuka kwa sababu santuri za Rodgers zimebaki za kulinganisha. Kama zingalitupwa zote, leo pengine tungaliapa kwamba Chemirocha alikuwa paa.

Sauti za wasichana wale nazo ziliwekwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Baada ya miaka zaidi ya 60, nakala zake zilirudishwa Kapkatet, wazee wakazisikia. Nakala ndiyo iliyosafiri; asili ilikaa ghalani. Hakuna aliyefikiri kwamba kwa kuwa moja imesafiri nyingine haina kazi.

Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja mwaka 1928 kwenda kurekodi Bombay. Alifariki mwaka 1950, na hapana fundi duniani awezaye kumwita aimbe upya. Sauti yake twaipata kwa sababu kuna watu waliokuwa na ubahili mwema wa kutotupa.

Husemwa tena kwamba mashine za leo ni bora kuliko za jana. Haya, maneno hayo yalisemwa kaseti zilipoingia. Watu waligawa santuri, wakanakili kaseti kutoka kaseti, kila mara sauti ikififia. Leo utepe umeota ukungu, na walioamini hawana hili wala lile. Flashi yaweza kufa usiku mmoja bila kukohoa. Santuri yenye mkwaruzo huendelea kusema, hata umeme ukikatika, kwa sindano na karatasi iliyokunjwa kama pia. Tena ina karatasi yake katikati, yenye jina la mwimbaji, mara nyingi na la mtungaji, na nambari ya kampuni. Nimeona nakala nyingi katika simu za vijana zisizotaja jina lolote ila tarakimu: wimbo wa kwanza, wimbo wa pili. Mtungaji ambaye jina lake limefutwa hivyo atadai haki yake kwa ushahidi gani, au watoto wake watadai kwa nini?

Limebaki neno la nafasi, kwamba santuri hujaza nyumba. Santuri 100 ndogo za mizunguko 45 huingia katika sanduku lisilozidi urefu wa mkono wa mtu mzima, zikisimamishwa wima, mbali na jiko na jua la dirishani. Nyumba isiyo na pembe ya kuweka sanduku hilo sijaiona Moiben.